Jua la Shirazi

Shirazi, tarehe 3 Shawali, mwaka 374

Kwa binti yangu Raita, dukani kwetu karibu na Lango la Kinnasrini, Halab.

Salamu zikufikie wewe, na dada yangu Tarifa, na paka, na yeyote aliyekaa hapo kizingitini akijifanya anataka kununua asturlabu ya kupimia jua na nyota ilhali anataka kivuli tu.

Nimefika salama, namshukuru Mungu. Safari ilikuwa ndefu, nami nilisinzia juu ya ngamia siku nyingi hata sijui ni milima ipi niliyoiona kwa macho na ipi niliyoiota. Pete ya shaba tuliyomtengenezea Amiri nayo haina mkwaruzo hata mmoja. Bado imeviringishwa ndani ya blanketi lile la manyoya ulilolishona mwenyewe.

Mahali nilipopewa pa kulala hutapaamini. Ni ukumbi wa kifalme, kuta zake zimechongwa mizabibu ya chokaa kutoka chini mpaka juu, na hauna dari. Ndiyo, hauna dari! Huku wanasema mtu wa nyota hafunikwi. Asubuhi naamka na umande kwenye ndevu. Juu ya nguzo wanakaa ndege wenye miguu mirefu, wanagonganisha midomo yao mchana kutwa kama mafundi shaba wa mtaa wetu, nami nikiwa kati ya usingizi na kuamka hudhani niko nyumbani na wewe umeshaanza kazi. Chini ya ukuta unapita mto mpana, maji yake ya rangi ya udongo, na sauti yake ni ya mtu anayetaka kusema jambo kisha anaghairi.

Nimesema umeanza kazi, lakini najua hujaanza. Tangu mama yako Durra atutoke hujashika kalamu ya chuma ya kukatia shaba. Sikulaumu. Ila nina shida, na fundi mwingine simtaki. Asturlabu niliyobeba ina bamba moja tu, la Halab, na bamba la mji mmoja halisemi kweli katika mji ulio kusini yake, maana jua la huko linapanda juu zaidi. Nikatie bamba la Shirazi. Liwe la kwanza kutiwa jina lako, si langu.

Barua zangu atakuletea Shibli muuza zabibu. Yeye huzipokea kwa watu wa misafara. Mpe maji. Chakula ataomba mwenyewe.

Baba yako,
Bakrani bin Wahbi


Halab, tarehe 20 Dhulkaada 374

Baba yangu, Mungu akuhifadhi huko uliko.

Barua yako nimeisoma mara nne, mara tatu kwa sauti kwa ajili ya Shangazi Tarifa, naye ameihifadhi kichwani na kuipeleka hamamuni. Kila akiisimulia ule ukumbi wako unazidi kupungua. Juzi ulikuwa hauna dari. Jana hauna kuta. Kesho nitasikia baba amelazwa juu ya wingu na Amiri amelala chini yake.

Mtaa unajivuna kwa ajili yako kupita kiasi. Wale waliokusindikiza kwa ngoma mpaka langoni bado wanaeleza jinsi pete ilivyokuwa pana kuliko mlango wa duka, hata tukaipitisha juu ya ukuta wa uani kwa kamba. "Pete ya buruji kumi na mbili, imetoka Halab kwenda kwa Amiri wa Shirazi!" Muuza siki amempa mtoto wake wa kiume jina lako. Maskini kitoto, kina pua kama kifundo cha mguu.

Sasa bamba. Unataka kunirudisha kazini kwa hila, nami nimekuona, baba. Hila zako zina miguu mizito. Basi nitakata. Lakini desturi ya duka hili sikuiweka mimi: bamba halikatwi kwa kipimo cha kusikia. Majedwali ya wanafalaki wakubwa, yenye vimo vya jua vya kila mji, tunayatundika ukutani na kuyaheshimu, ila hayaongozi kalamu. Ulinifundisha hivyo nikiwa bado na meno ya utoto. Kwa hiyo pima mwenyewe. Siku ile iliyo ndefu kuliko zote, jua linapoingia buruji ya Saratani, pima kimo chake adhuhuri, uniandikie. Mimi nami siku hiyohiyo nitapima hapa uani. Angalau kwa muda mfupi tutakuwa tunatazama kitu kimoja.

Na pete je? Hukusema neno. Wameipenda? Wameikagua? Wameihesabu? Nauliza tu.

Jambo jingine, ngamia wa Shibli amenenepa. Barua yako pia inanuka gunia lake la zabibu, utadhani imelala humo mwezi mzima.

Mwanao,
Raita


Shirazi, tarehe 24 Muharamu 375

Raita wangu, salamu nyingi.

Nimepima. Nilisimama katikati ya ukumbi, asturlabu ikining'inia kwenye kidole gumba, nikangoja. Huku adhuhuri ya siku ndefu haina haraka. Kivuli changu kilijikusanya miguuni kikakaa kama paka, na kwa pumzi kadhaa hakikwenda mbele wala nyuma. Ndege walinyamaza. Nikawaza: sasa hivi naye ameinua mkono wake wa kushoto, amefumba jicho moja, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo kama afanyavyo. Nilikaribia kukuita.

Kimo cha jua: nyuzi sabini na saba na nusu. Nimepima mara tatu. Kisha nikakaa na kalamu ya wino mkononi mpaka alasiri kabla ya kuandika nambari hiyo. Ndiyo hiyo.

Pete imesimamishwa juu ya jiwe jeupe katikati ya bustani ya waridi. Wanafalaki kumi wameizunguka wakainama, na hakuna aliyenyanyua kichwa kusema ina kasoro. Maji yanapita chini yake katika mfereji mwembamba, hivyo ukitazama unaona pete mbili, moja ya shaba na moja ya maji, na ile ya maji inatetemeka. Basi lala usingizi wako, mwanangu, usiniulize habari zake tena.

Kuna joto. Matikiti ni matamu.

Baba yako,
Bakrani


Halab, tarehe 25 Rabiulawali 375

Baba,

Bamba lako hili hapa, limefungwa kwa kitani ndani ya kikapu cha zabibu, na Shibli ameapa halitakaa chini ya kitako chake. Nimelikata kwa siku kumi na tatu. Siku ya kwanza mkono ulikataa. Siku ya pili nikamwambia Shangazi akae karibu yangu aseme chochote, na wewe unamjua, hakusita. Likaisha. Nyuma yake nimeandika "Kazi ya Raita binti Bakrani".

Ila si bamba la Shirazi.

Tulipima siku moja, baba. Mimi hapa uani nilipata nyuzi sabini na saba na nusu, na unywele juu yake. Barua yako ilipofika nikaifungua nikiwa nimesimama, nikasoma nambari yangu mwenyewe kwa mwandiko wako. Nikaenda ukutani kwenye majedwali. Shirazi siku ile jua hupanda mpaka themanini na nne.

Kwanza nilisema mkono wa baba umezeeka, nikalia. Halafu nikakumbuka kwamba fundi Bakrani hakosei nusu uzi, seuze nyuzi sita na nusu, na alipima mara tatu. Nikafuta machozi nikazichukua barua zako na kuzisoma upya kama mtu asiyekupenda. Ukumbi wa kifalme usio na dari! Baba! Dari halikukosekana kwa ajili ya nyota, limeanguka! Ndege wenye miguu mirefu juu ya nguzo. Mto mpana wa udongo. Matikiti. Na barua zinazonuka zabibu kwa sababu kweli zililala ndani ya gunia mwezi mzima, ili zionekane zimetoka mbali. Nimembana Shibli. Nimemwambia simpi bakuli la dengu mpaka aseme. Alivumilia kidogo kuliko nilivyotarajia.

Uko Rakka. Katika magofu ya majumba ya wafalme wa zamani, ukingoni mwa mto Furati, mwendo wa siku tano kutoka kitandani mwako. Nilikuokea mikate mikavu ya siku arobaini!

Bamba nimelikata la nyuzi thelathini na sita kaskazini, la mji ulimo wewe. Liweke juu ya lile la Halab ulilobeba, utaona mistari yao inalaliana. Hukuhitaji lolote kutoka kwangu. Jua lako na langu lilikuwa moja miezi yote hii, nami kila jioni naliangalia likizama nikidhani kwako limeshazama zamani.

Nimekasirika, sifichi. Lakini sijamwambia mtu, hata Shangazi. Nijibu swali moja tu, na unijibu kama ulivyolijibu jua. Pete iko wapi?

Raita


Rakka, tarehe 6 Rabiulakhiri 375

Kwa Raita, fundi.

Nimeliweka bamba lako juu ya langu. Yanalaliana. Nimelishika mpaka likapata joto la mkono. Ni kazi safi, mwanangu, na hayo nayasema kabla ya aibu yangu ili yasichanganyike nayo.

Pete iko hapa karibu na kichwa changu ninapolala, imeegemea ukuta wenye mizabibu ya chokaa. Asubuhi jua likiigusa inatupa duara la mwanga upande wa pili, nalo linatembea polepole ukutani mpaka linafika mlangoni na kutoka nje. Yote niliyokuandikia nimeyaona, ila sikuyaona Shirazi. Bustani ya waridi tu ndiyo niliyoiota, na lile jiwe jeupe. Niliota mara nyingi hata siku nyingine huamka nikashangaa sisikii mfereji.

Sikiliza. Unajua desturi yetu: kazi ikiisha, kabla haijatoka mikononi mwa fundi, inahesabiwa alama kwa alama kwa ukucha, macho yakiwa yamefumbwa. Ile pete hatukuihesabu. Tulikuwa katika matanga ya mama yako, na msafara haukutungoja. Nikaondoka nikijiambia nitaihesabu njiani. Hapa Rakka tulikaa siku tatu tukingoja vyelezo vya kuvukia mto. Nikanunua shayiri, nikahesabu punje mia tatu na sitini nikaziweka kwenye bakuli. Nikafumba macho, nikawa nadondosha punje moja kwenye kila chumba kati ya alama na alama.

Nilipomaliza duara, punje moja ilibaki kiganjani.

Nikarudia. Ikabaki tena. Mara ya tatu nikaomba mwenye msafara anishike mkono aniongoze, akadhani nina homa. Ikabaki. Pete ya Amiri ina nyuzi mia tatu hamsini na tisa, Raita. Mbingu nzima imepungua uzi mmoja. Nyota yoyote itakayopimwa kwa pete ile itaandikwa mahali ambapo haipo, na kosa hilo litanakiliwa kutoka kitabu hata kitabu, na watu wataenda safari kwa hilo, na wataelekea kibla kwa hilo.

Sikuweza kuipeleka mbele, na sikuweza kurudi kwenye mtaa ulionisindikiza kwa ngoma. Nikamwambia mwenye msafara naumwa, nitawafuata. Wakavuka. Tangu hapo nipo. Watu wa hapa wanapika sabuni, ni wema, hawaulizi. Nimewachorea mistari ya kivuli kwenye ua wa msikiti ili mwadhini ajue alasiri, nao hunipa mkate na matikiti.

Kosa ni langu. Macho yangu yamekuwa mabovu. Usilitafute zaidi.

Kuhusu ile nambari: nilijua nambari ya Shirazi. Nani asiyeijua? Nilikaa kuanzia adhuhuri mpaka alasiri nikitaka kuiandika. Mkono uliandika nilichokiona.

Baba yako


Halab, tarehe 15 Rabiulakhiri 375

Baba yangu,

Huandiki ni wapi kwenye pete. Umeandika kila kitu, punje na bakuli na ukucha, ila hukuandika mahali. Basi nitakuandikia mimi. Ni katika buruji ya Akrabu, kipande kilicho kati ya uzi wa ishirini na wa ishirini na tano. Vipande vyote sabini na viwili vimegawanywa vyumba vitano vitano. Kile kina vinne.

Robo ile ya pete ilikuwa yangu kuikata. Ulinipa mwenyewe, ukasema macho yako yamechoka.

Nilikuwa nimekata alama ya kwanza ya kipande kile mama aliponiita. Sikwenda. Nilisema, "Nakuja mama, nimalize hapa." Akaniita tena, nikajibu tena. Nilipokwenda alikuwa ameshageukia ukutani. Unayajua mengine. Siku nane baadaye nilirudi mezani, kalamu ilikuwa palepale nilipoiacha, nikaendelea. Nilikata bila kuona. Mkono ulikuwa unafanya kazi nami sikuwapo.

Lililo baya bado sijalisema. Asubuhi ya kuondoka kwako niliipitishia pete kitambaa cha mafuta, na ukucha wangu ukapita Akrabu. Moja, mbili, tatu, nne. Nikasimama. Nikarudia. Na ngoma zilikuwa zimeshafika mlangoni, na wewe umevaa joho jipya, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ulikuwa unacheka. Nikalifunga blanketi.

Kwa hiyo si matanga yaliyonizuia kushika kalamu, baba. Ni woga. Miezi yote hii nimekuwa nikingoja mtu aje kutoka Shirazi kuniambia wameihesabu. Uliponiandikia kuwa wanafalaki kumi wameinama hakuna aliyesema neno, nililala usingizi wa kwanza. Ulinidanganya ukanipa usingizi, kisha ukaenda kulala chini ya dari lililoanguka kwa kosa langu. Nasikia haya hata kuandika.

Na wakala wa Amiri alikuja dukani juzi. Ameniambia kama pete haitafika Shirazi kabla ya Nairuzi, mwaka mpya wao, kazi watapewa mafundi wa Isfahani, na jina la duka letu litafutwa kwenye daftari lao. Nikamwambia iko njiani. Sikusema uongo, iko njiani kweli, imekaa tu.

Niandikie. Hata ukinitukana.

Raita


Halab, tarehe 18 Jumadalula 375

Baba,

Mwezi umepita. Shibli anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukakaa chini, ukamwomba maji. Nimempa dengu bakuli mbili anieleze uso wako ulikuwaje, akasema ulikuwa uso wa mzee. Hana faida yule mtu.

Raita


Rakka, tarehe 4 Jumadalakhiri 375

Mwanangu Raita,

Nisamehe kwa kuchelewa. Angalia herufi hizi zilivyo kubwa na zinavyoyumba, utaelewa kwa nini. Tangu baridi ya mwaka jana mkono wangu wa kulia unatetemeka. Kuandika naweza, kwa kuupumzisha kila mstari, na barua za mwanzo nilizinakili mara nyingi ili usione. Kukata shaba siwezi tena. Nilitaka ulijue hilo la mwisho kabisa, ikiwezekana usilijue.

Na lile la Akrabu, nilijua.

Nilijua tangu siku ya punje. Wewe hutumia mkono wa kushoto, na alama zako huegemea kidogo upande mmoja, mtu mwingine hawezi kuona ila mimi ninaona, kwa kuwa nilitumia miaka miwili kukuzuia usiziegemeze halafu nikashindwa na kuzipenda. Nilipofumbua macho nikatazama kipande chenye vyumba vinne, nikaona alama ya kwanza imesimama imara, na zile mbili zilizofuata zimelegea. Hapo nikajua ni saa ipi hiyo. Nami nilikuwa chumba cha pili, Raita. Nilimsikia akikuita. Ningeweza kukuambia, "Acha, nenda." Nilinyamaza kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Nilikaa hapa ili usijue. Nilidhani ukijua hutashika kalamu tena maisha yako yote, na mimi mkono wangu umekwisha, basi duka limekufa sote wawili tukiwa hai. Ndiyo maana nikaomba bamba. Sikuwa na haja ya bamba.

Wewe wa kule ulikuwa unanificha, mimi wa huku nakuficha, jambo lilelile. Nimecheka peke yangu mpaka ndege wakaruka.

Siku nyingine naweka kidole kwenye kile kipande. Shaba ni shaba, haisemi kitu. Lakini naona kama ni mahali pekee palipobaki ambapo mama yako bado anaita na bado kuna muda wa kwenda. Sina moyo wa kupafuta, hata mkono ungekuwa mzima. Waache watu wa Isfahani wafanye pete yao. Mimi nitakaa hapa na hii yangu, na wewe kata mabamba, tia jina lako, kula vizuri. Usije. Njia ni baridi sasa, na sitaki unione ninavyoshika kijiko.

Baba yako, anayekupenda,
Bakrani


Balisi, ukingoni mwa Furati, tarehe 21 Jumadalakhiri 375

Baba,

Umesema nisije, nimesikia, na barua hii nakuandikia nikiwa juu ya gunia la zabibu, mwendo wa siku tatu kutoka kwako. Inatangulia kwa chelezo cha wakata mbao, kwa kuwa mto unakimbia kuliko ngamia wa Shibli. Huyu ngamia amezoea kufika Shirazi bila kupita Rakka.

Shangazi Tarifa yupo pia. Tangu tutoke Halab amelalamikia baridi, tandiko, Shibli, ngamia na wewe, na wewe ndiye umepata sehemu kubwa. Anasema ana neno moja tu la kukuambia akifika. Namjua, fagia ukumbi, maana neno hilo litachukua siku mbili.

Nimebeba kalamu zangu zote, bikari ndogo, mafuta, unga wa kusugulia, na shayiri punje mia tatu na sitini, nimezihesabu mwenyewe. Tutakisugua kile kipande, baba, alama zangu mbili zile zilizolegea na hata ile moja iliyosimama. Wewe hutashika kalamu. Utakaa nyuma yangu kama zamani, utasema "hapa" na "hapana", na nikiegemeza mkono utanipigia kelele. Nikiitwa na mtu nitaacha nitakwenda. Na wewe ukiitwa utakwenda. Tukimaliza tutafumba macho tuhesabu kwa ukucha, mara tatu. Kisha tutavuka mto sote wanne, kama ngamia ataruhusu, na kwa Nairuzi nataka nilione hilo jiwe jeupe kama lipo. Kama halipo tutawaambia waliweke.

Mama haiti kutoka kwenye kosa langu, baba. Nimelala na neno lako siku nyingi na ningependa liwe kweli. Lakini aliniita mara mbili nami sikwenda, na hilo halimo katika shaba, limo ndani yangu, na litabaki tukisugua au tusisugue.

Sasa nikwambie nilichokiona leo. Unajua jua liko wapi mwezi huu: limo Akrabu, na siku hizi linapita katika kile kipande chetu, kati ya ishirini na ishirini na tano. Nimelipima adhuhuri kila siku tangu tutoke nyumbani. Leo nilisimama kwenye matope ya ukingo, Shibli akishika ngamia asinitie kivuli. Mwanga ukapenya tundu za asturlabu ukaniangukia kiganjani, nukta moja ndogo yenye joto. Nikahesabu. Jana lilikuwa kwenye uzi wa ishirini na mbili, leo liko kwenye wa ishirini na tatu. Halikuruka kitu. Ule uzi nilioukosesha kwenye pete upo juu pale kama siku zote, na jua linaupita bila kujua kwamba sisi wawili tumeumia karibu mwaka mzima kwa ajili yake.

Nililia kidogo, nikacheka, Shangazi akaniuliza kama nimepigwa na jua, nikasema ndiyo.

Usijibu barua hii. Halab hakuna mtu wa kupokea jibu.

Mwanao,
Raita